Anayefundisha kubeba abiria, je, amewahi kuwabeba?

Mzazi wa Kisumu anayeuza ng'ombe ili mtoto akasomee urubani kule uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, huuliza karo, huuliza saa za kuruka. Ni nadra aulize mwalimu mwenyewe amerusha nini. Mara nyingi ni kijana aliyehitimu juzi, anafundisha ili akusanye saa zake. Kwa Cessna ya viti vinne sina neno.

Kwa ndege kubwa, Marekani hawakubali. Tangu Agosti 2014, anayetaka leseni ya juu ya ndege za injini mbili na zaidi hupitia kwanza kozi ya saa 30 darasani na 10 kwenye simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege. Mwalimu naye sharti awe na leseni hiyo, na awe amerusha ndege za mashirika au za kazi kama hiyo angalau miaka 2.

Wanaolalamikia sharti hili wana lao: marubani wa mashirika ni wachache na ghali, na hodari wa kuruka si lazima awe hodari wa kufundisha. Kweli, sote tumewahi kukaa mbele ya bingwa asiyejua kueleza.

Lakini kumbuka sharti lilikotoka. Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, watu 50 wakafa. Bunge la huko likakimbilia saa: kwa kawaida 1,500 za kuruka kabla ya kurusha ndege za mashirika. Ajabu ni kwamba nahodha alikuwa na zaidi ya saa 3,000, na msaidizi wake zaidi ya 2,000! Usukani ulipotetemeka kuonya kwamba mwendo umepungua mno, nahodha aliuvuta, badala ya kuusukuma mbele. Kifaa cha kuinamisha pua ya ndege kikaingia, akashindana nacho. Kampuni ilikuwa imekifundisha darasani tu, haikulazimisha kijaribiwe kwenye simuleta. Basi tatizo si saa. Ni nani alikuonyesha nini.

Muulize dereva wa trela anayeteremka mteremko wa Salgaa, karibu na Nakuru, na mzigo. Aliyefundishwa na mtu wa Probox, gari dogo, ataijuaje gia ya kushukia mteremko ule, na hatari ya kutoa gia ili kuokoa mafuta?

Na huo uhaba wa walimu tunautia chumvi. Rubani wa safari za kimataifa za abiria hulazimika kuachia usukani akifika miaka 65. Simuleta haimuulizi umri. Wengine wamerudi nyumbani kufuga kuku, na hakuna shule iliyowapigia simu.