Kofia nzuri ya Wete haikai dukani

Wageni wengi wanaopanda Wete, kaskazini mwa Pemba, kutoka mjini Chake Chake hupita sokoni, hununua kofia ya kwanza inayowakaa kichwani, kisha hao, msituni Ngezi. Naona ni hasara. Kofia nzuri ya mkono hushonwa majumbani na kina mama, na mara nyingi ina mwenyewe kabla haijamalizika: mtoto aliyeko Muscat, kaka mwenye duka Kariakoo, jamaa wa Mombasa. Wapemba wametawanyika, na Idi ikikaribia kila mmoja anataka kofia ya nyumbani. Dukani hubaki zilizokosa mwenyewe, zimechanganywa na za mashine.

Kuzitambua si kazi: igeuze ndani nje. Ya mkono, kila kiua, yaani kitundu cha pambo, kimetobolewa na kuzungushiwa uzi peke yake. Ukiiinua kwenye mwanga, unaona hadi upande wa pili. Ya mashine, nyuzi za ndani hurukaruka kutoka ua hadi ua, na matundu yake, kama yapo, hayachukui muda kufumuka.

Kwa hiyo agiza. Pima kichwa juu kidogo ya nyusi na masikio. Watu wazima wengi huangukia inchi 21 hadi 23. Muulize mshonaji kama kitambaa kilirowekwa kabla ya kukatwa, maana pamba isiyorowekwa hurudi ikifuliwa, na kofia huishia kukwama utosini. Toa arubuni, nusu ya bei ni uungwana, kwa kuwa kitambaa na nyuzi ananunua yeye. Kofia ya viua vingi hula wiki nyingi, pengine miezi. Msimu wa karafuu ukikolea ongeza muda zaidi: mikono inayoshona ndiyo inayochambua karafuu na kuzianika majamvini, na karafuu mbichi haingojei, ikilala rundoni inaharibika.

Bei nayo isikushtue. Kupunguziwa kofia ya mashine ni sawa. Kumbana mama aliyeinamia viua mwezi mzima ni dhuluma, hata kama atakubali kwa shida zake.

Ukiifua tumia sabuni laini, usiikamue wala usiisugue kwa brashi, viua vitafunguka. Ipake wanga mwepesi, uivishe kwenye faroma, kile kibao cha umbo la kichwa, ikaukie humo kivulini. Huna faroma, bakuli la mzunguko wa kichwa chako linatosha.