Nukta Mkato Itaniua

Jamani, mimi sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na kialama hiki kimoja: ;

Nimeanzia kwenye C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta aliyoibuni Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kule unafunga kila sentensi kwa nukta mkato, basi. Ukisahau, kompaila (programu inayogeuza ulichoandika kiwe lugha ya mashine) wakati mwingine inalalamikia mstari wa chini yake, ambao masikini hauna kosa lolote. Nikazoea, kama mtu anavyozoea goti bovu.

Nikahamia Go, ile ya Google iliyotangazwa mwaka 2009. Nikaambiwa huku pumzika, nukta mkato hatuandiki. Nikashukuru Mungu. Nikaandika `func main()`, nikashuka mstari, nikafungua bano langu `{` kwa raha zangu. Kompaila ikang'aka: kabla ya bano kuna nukta mkato au mstari mpya usiotarajiwa! Nukta mkato gani? Nani kaiandika? Nikapekua faili zima, hamna hata moja. Kumbe inaichomeka yenyewe, kimyakimya, pale mstari unapoishia; ndiyo maana inataka bano likae mstari uleule. Yaani mtu akutie mali ya wizi mfukoni, halafu awe wa kwanza kupiga kelele za mwizi.

Haya, nikaenda Rust, lugha nyingine tena. Fankisheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja na kurudisha jibu) fupi tu, mstari wa mwisho `x + 1;` maana mkono ushazoea. Ikaniambia ilitarajia `i32`, yaani namba kamili, imekuta `()`. Hayo mabano matupu ndiyo jina lao la "hamna kitu". Kwao mstari wa mwisho ukiuacha wazi ndilo jibu. Ukiufunga kwa nukta mkato, jibu limemezwa. Na kinachoniuma zaidi, kompaila ikanichorea kialama chini ya kosa lenyewe na kunishauri kwa upole: ondoa nukta mkato hii. Sasa wewe umeiona, umeijua, umeipigia na mstari. Si uiondoe!

Nisiwe mchoyo wa sifa, hizi mbili za kisasa zinataja jina la kitu kwanza, aina yake (kama namba) baadaye: `umri: i32` kwa Rust, `umri int` kwa Go. Sisi tunaosema "mtoto mdogo" hatuhitaji kufundishwa hilo. C ndiyo inasema "mdogo mtoto", tena kwa hila: niliandika `int* a, b;` nikajua nina pointa mbili (pointa huonyesha mahali kitu kilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta), kumbe nyota ni ya `a` peke yake, `b` ni namba ya kawaida. Nusu siku yangu ilienda hapo.

Sasa ugonjwa umenihamia vidoleni. Jana nimetuma ujumbe nyumbani: "Leo nitachelewa;"

Nikajibiwa papo hapo: "Enhee, halafu?"