Fulana ya Msondo: Nisikilizeni Mimi Kabla ya Fundi

Wote mlionisalimu leo asubuhi kwa "Msondo ngoma, baba ya muziki!", salamu zimefika. Najua zilikotoka. Fundi kaweka sauti kwenye grupu la mtaa, ndefu, katikati yake anacheka mpaka anapaliwa, na kwa maelezo yake mimi jana nimeisaliti bendi yangu, Sikinde, nikahamia kwa wapinzani wetu Msondo kwa sahani ya makange.

Sahani! Lilikuwa sinia. Na sikulila, nililivaa.

Basi kaeni vizuri niwaeleze mwenyewe, kabla ile picha haijafika kwa bibi kijijini.

Pale mahali mnapajua. Sipataji kwa sababu nadaiwa kiti. Kila Jumapili jioni kuna bendi ya vijana wanaopiga kopi za zilipendwa, na sisi wapenzi tumejigawa bila kupangwa na mtu: Sikinde tunakaa upande wa friji, Msondo wanakaa upande wa jiko. Vijana wanapiga wimbo wa huku, wanapiga wa kule, na kati ya wimbo na wimbo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Kwa wadogo zangu mnaodhani nchi hii ubishi ni wa Simba na Yanga tu: Msondo ndio wakongwe. Walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadilishwa jina, na bendi inabadilishwa: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mwisho lile jina la mtindo wao likabaki kuwa ndilo jina. Sikinde ni Mlimani Park, tumezaliwa 1978, na DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam, likatuchukua 1983 ndiyo tukawa DDC Mlimani Park. Magitaa yalikuwa ya mashirika, nyimbo zikirekodiwa Redio Tanzania. Ubishi tu ndio mali yetu binafsi, na hakuna aliyewahi kuubinafsisha zaidi ya Baba mdogo, ambaye ndiye kanilea. Jana goti lilimkatalia, akabaki nyumbani. Akanipa fulana yake ya Sikinde niivae, ile aliyoichapisha mwenyewe, akaniambia, "Nenda, ukirudi unipe taarifa."

Taarifa ilimfikia kabla yangu. Tutafika huko.

Upande wa jiko kuna mzee mmoja mstaafu wa bandari, kofia ya kiua, begi miguuni limejaa fulana za Msondo anazouza. Huyo ndiye aliyenianza.

"Mwanangu, nyie Sikinde ni watoto wetu. Mmezaliwa tu, mkaja kwetu mkamchukua Gurumo. Bitchuka naye mkamvuta. Bendi gani hiyo inayoanza maisha kwa waimbaji wa watu?"

"Shikamoo mzee," nikasema kwanza, maana ubishi nao una adabu zake.

"Marahaba."

"Mzee wangu, mtoto akimpita baba yake kimo, baba huwa anajivunia. Hanuni."

Upande wa friji wakapiga meza. Fundi, ambaye ni Msondo kindakindaki lakini huwa anakaa kwetu kwa sababu ya ubaridi wa friji, akasema, "Mzee, usikubali." Huyo ndiye rafiki niliyenaye.

Mzee hakuwa na haraka. Akafuta mdomo, akauliza, "Na Gurumo alizeekea wapi?"

Kimya. Hilo ndilo swali ambalo upande wa friji hatujawahi kulipatia jibu. Kila mtu anajua kwamba baada ya Sikinde alikwenda zake Orchestra Safari Sound mwaka 1985, na kwamba mwisho wa yote alirudi Msondo, akaimba huko mpaka alipostaafu 2013, akafariki mwaka uliofuata. Tukiulizwa hivyo huwa tunaagiza soda.

Nikaagiza soda ya tangawizi. Naomba iingie kwenye kumbukumbu: tangawizi. Fundi kasema nilikuwa nimelewa.

Ilipofika nikahamia kwenye magitaa, kwa sababu kwenye magitaa hunipati. Mimi nimefundishwa Sikinde chuo kizima pale sebuleni. Baba mdogo alikuwa anaweka kaseti, anasema: sikiliza rithimu peke yake. Haya, isahau rithimu, sikiliza besi. Haya, sasa solo la pili, anamjibu nini solo la kwanza? Nikikosea anarudisha kaseti kwa kalamu, betri zisiishe. Kwa hiyo nikamweleza mzee kwamba kwetu kila gitaa lina maneno yake na hakuna anayemkanyaga mwenzake, na mashairi yetu unaweza kuyatoa kwenye muziki ukayasoma barazani watu wakalia.

Mzee akacheka. "Said Mabera kakaa na gitaa lake bendi ile ile tangu miaka ya 1970. Majina ya bendi yakapita, yeye akabaki. Halafu utaniambia nini kuhusu matarumbeta? Halafu mwimbaji wetu TX Moshi, Mungu amrehemu, nyie mlikuwa na nani wa kusimama pale?"

(Nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, naweza kukubali kwamba matarumbeta ya Msondo yakiingia mwili unasisimka. Msimwambie mtu. Hasa msimwambie Fundi, kumbe naandika hapa na yeye anasoma.)

Wakati huo vijana wakaanza wimbo wetu mmoja. Nikasema, "Mzee, tusibishane kwa mdomo. Subiri chemko."

Wasiojua: nyimbo hizi huanza polepole, mtu anaeleza yaliyomkuta, mke kaondoka, barua imekuja, shemeji kafitini. Akimaliza shida zake, waimbaji wananyamaza, magitaa yanashika kasi, hiyo ndiyo chemko. Hapo ndipo Sikinde inapojulikana. Nikataka mzee ayaone magitaa yakiingia moja moja. Na kwa kuwa alikuwa amekaa, na mbele yake kuna watu wanacheza, nikahamishia kiti changu mezani kwake, upande wa jiko, nikapanda juu.

Hapa sasa naomba twende taratibu.

Kiti ni vile vya plastiki vyeupe. Mguu mmoja wa nyuma uliwahi kupasuka, mtu akaufunga kwa waya. Hilo nimelijua baadaye.

Solo likaingia. Nikanyoosha kidole kimoja juu, nikamwangalia mzee: hilo hapo. Solo la pili likaingia. Kidole cha pili. Mzee akatikisa kichwa kidogo, nikaona namshika. Rithimu ikaingia, kidole cha tatu. Nikainua cha nne nikisubiri besi.

Chini nikasikia: ti.

Waya.

Mguu haukukatika. Ungekatika ningeanguka mara moja, tungecheka, yangeisha. Ulifunguka. Ukaenda nje, polepole, ukiteleza kwenye vigae, na mimi nikaanza kushuka nikiwa bado nimesimama wima, vidole vinne juu, nikipita usawa wa macho ya watu wa upande wa jiko, mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja alikuwa amefungua mdomo aweke ndizi, akauacha hivyo hivyo wazi. Mzee akasema, "Mwa..." na hakumalizia. Besi, kwa taarifa yenu, iliingia wakati huo huo, na iliingia vizuri.

Mkono wa kushoto ukatafuta pa kushika. Ukapata meza. Meza nayo ni ya plastiki.

Juu ya meza palikuwa na sinia la makange ya kuku lililotoka jikoni muda huo huo, mchuzi bado unachemka pembeni, vitunguu vikubwa, limao, na pilipili mbuzi zilizopasuliwa katikati ili zitoe roho yote. Mimi tayari niko chini, chali. Meza inaniinamia. Na sinia likaanza safari. Halikuruka. Liliteleza kwa heshima zake, likafika ukingoni, likasita, nikalitazama, nikadhani limenihurumia.

Fulana ya Baba mdogo ina shingo iliyolegea kwa kufuliwa. Mchuzi wote ukapita humo.

Bendi ikakata. Ukumbi mzima kimya. Alibaki mtu mmoja tu anapiga, kijana wa tumba, kwa sababu huwa anapiga akiwa amefumba macho.

Nikainuka. Kwa sekunde chache sikusikia kitu, nikaanza hata kuomba radhi, "Samahanini sana, samahani mzee..." Ndipo pilipili ikafika. Ikaanzia kifuani ikashuka tumboni, na mimi nikaruka. Kijana wa tumba akafumbua macho, akaniona nikiruka, akaelewa vingine. Nikiruka, pa! Nikigeuka, papapa! Akawa ananifuata mimi, au mimi namfuata yeye, hata sasa sijui nani aliongoza. Wa dramu akaona asiachwe, akaingia. Besi likarudi. Jamani, mimi nilikuwa naungua, na chemko ikaanza upya.

Nikaivua fulana. Ikapita mabegani, ikakwama kichwani, imelowa, mikono miwili juu, uso ndani, giza na harufu ya kitunguu. Humo gizani nasikia ukumbi mzima: "Zungusha! Zungusha!" Nikazunguka kweli, maana nilikuwa natafuta mlango. Halafu nikahisi kitu kinagusa tumbo. Kidole. Kikaondoka, kikaacha kitu. Kidole kingine mgongoni.

Wananitunza!

Wenye uzoefu wa kutunza mnajua kwamba noti kwa kawaida inadondoka, mpaka umbandike mtu mwenye jasho la kutosha. Kwangu mimi haikudondoka hata moja. Nilipofanikiwa kuutoa uso nje, yule mama wa ndizi alikuwa mbele yangu, mtulivu kabisa, ananibandika elfu mbili kwenye paji la uso. Ile yenye picha ya simba. Na mimi ni Yanga.

Mzee, Mungu amweke, peke yake ndiye aliyeona kwamba yale machozi ni machozi. Akafungua begi lake, akanipa fulana kavu. "Mwanangu, jifunike." Nikavaa. Mtu anayeungua hasomi maandishi.

Aliyeyasoma ni mshereheshaji. Akashika kipaza sauti: "Ndugu wapenzi, dirisha la usajili limefunguliwa! Upande wa jiko, mpokeeni mwenzenu!" Na wale vijana, bila huruma, wakapandisha tarumbeta za Msondo.

Fundi muda wote huo hakuwa ameinua hata kidole kunisaidia. Alikuwa amekishughulisha kwenye simu. Ndiyo hiyo picha mnayotumiana: neno MSONDO kifua kizima, noti kwenye paji, macho mekundu yanatiririka, mzee kanishika bega. Ukiitazama bila maelezo, ni mtu aliyerudi kwao baada ya miaka mingi.

Yaliyofuata ni machache. Hela za kutunzwa zilikwenda zote kulipia sinia, kiti zikakikosa. Bodaboda alinipandisha, akanusa, akafungua vioo vya kofia. Nilioga maji baridi, nikapaka maziwa mgando aliyoshauri jirani, nikaoga tena.

Baba mdogo alikuwa barazani, goti kwenye mto, simu mkononi, miwani puani. Nikamwamkia. Hakuitika. Akanitazama kifuani, akarudi kwenye simu kuhakikisha ni mtu yule yule, akanitazama tena.

"Gurumo alihama akiwa na sauti," akasema. "Wewe umehama na nini?"

Nikaanza kueleza habari ya waya. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Fulana yangu iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Fulana ya Sikinde iko kule jikoni kwao, upande wa Msondo, wameisuuza wakaianika juu ya jiko. Nimepiga simu leo mchana. Mama wa jikoni anasema imekauka, pilipili imetoka, maandishi nayo yametoka nusu, na hataitoa mpaka hela ya kiti ifike mkononi mwake. Mwenye safari ya huko anione, hela ninayo. Mtu yeyote, isipokuwa Fundi. Mzee nimetuma aambiwe kwamba fulana yake nitairudisha ikiwa imefuliwa. Amejibu kwamba niendelee kukaa nayo, wachezaji wapya hawatozwi.