Bibi Harusi Ndani ya Peugeot ya Baba

Marehemu baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, isipokuwa umtajie Peugeot 404. Hapo angekueleza, kana kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha nyuma, jinsi Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alivyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966 akazishinda tena 1967, na jinsi mbio za 1963 na za 1968 zilivyomalizwa na magari 7 tu, la kwanza mara zote mbili likiwa 404. Sisi watoto tuliikariri miaka hiyo kabla hatujakariri tebo ya mbili. Kwa hiyo alipofariki akaniachia gari lake la rangi ya maziwa, pamoja na hendeli ya kuliwashia ambayo hulazwa chini ya kiti kama silaha ya ukoo, sikuona kwamba nimerithi gari. Niliona nimekabidhiwa amana.

Dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu na alitapikia viti vile vile nilivyotapikia mimi, hakuambukizwa. Binti yake alipochumbiwa, nilisimama kwenye kikao cha kwanza cha harusi nikatangaza kwamba mchango wangu utakuwa kumpeleka bibi harusi kanisani kwa 404 ya babu yake. Kikao kizima kilinyamaza. Dada alinitazama, kisha akasema kwa upole wa kutisha: “Mdogo wangu, kwani wewe fedha huna kama wenzako?”

Nilishinda ubishi huo kwa sababu bibi harusi mwenyewe alinionea huruma.

Nyumbani ni Ilala na kanisa lilikuwa Kigamboni. Mtu mwenye akili zake angepita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, akalipa ushuru na kufika mapema. Mimi nilichagua pantoni, kwa hoja kwamba baba alituvusha kwa pantoni tulipokuwa wadogo, na kwa hoja nyingine ambayo sikuitamka, kwamba nilitaka gari lipigwe picha bahari ikiwa nyuma yake. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, saa saba mchana. Katika foleni ya Kivukoni tulisogea hatua tano tukazima, tukawasha, tukasogea hatua tano nyingine, huku bibi harusi na mpambe wake wakipepeana kwa kadi za mwaliko, kwa maana kiyoyozi cha 404 ni kioo cha dirisha ukikishusha.

Hatimaye tuliingia, tena wa mbele kabisa. Picha zilipigwa. Pantoni ilipotia nanga upande wa pili na mlango wake ukashushwa, abiria wa miguu walimiminika nje, mhudumu akanipungia mkono nitoke, nikawasha, na gari likakohoa mara moja likanyamaza.

Ugonjwa niliujua. Injini ya 404 imelazwa kwa mshazari wa nyuzi 45 (baba alikuwa akisema imelala ili isichoke), na joto likizidi mle ndani, petroli huchemka ikiwa bado kwenye pampu na kwenye mrija, ikawa mvuke, na kabureta ikabaki na kiu. Dawa yake ni kitambaa kibichi juu ya pampu na subira ya dakika chache. Hendeli si dawa. Lakini nyuma yangu kulikuwa na magari yote ya pantoni yakipiga honi, na mbele yangu umati uliokwishasimama kutazama, nami nina damu ya baba. Nikavua koti, nikachomoa hendeli, nikaichomeka mbele ya gari na kuanza kuizungusha.

“Mzee,” kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza kwa adabu kabisa, “hilo ni gari au saa ya ukutani?”

Baada ya mizunguko kumi na mikono miwili ya grisi nilikubali kutafuta kitambaa. Mpambe alikuwa na karatasi za kujifutia jasho. Bibi harusi alilikumbatia shela lake akanitazama kwa namna ambayo sikuthubutu kuuliza. Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akitoka soko la samaki la Feri na beseni lake, amelifunika kwa gunia lililolowa chepechepe. Alilifunua akanipa.

“Chukua, baba. Ila mimi na gunia langu hatuachani.”

Nililifunga juu ya pampu, tukasubiri, gari likawaka kwa mara ya kwanza nilipojaribu. Mama naye, mtu wa kutimiza ahadi, alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele, beseni mapajani.

Jambo ambalo baba hakuwahi kunifundisha ni kwamba gunia lililofunika samaki tangu alfajiri, likiwekwa juu ya injini ya moto, huanza kupika. Tulipofika kona ya pili gari zima lilinuka kama jiko la mama ntilie. Madirisha tuliyafungua yote, na upepo ukafanya kazi ya kuisambaza harufu ile mpaka ndani ya shela.

Dada alikuwa akitusubiri mlangoni mwa kanisa. Alifungua mlango wa gari, akarudi nyuma hatua moja.

“Ni kitu gani kinachonuka humu?”

“Changu,” akajibu mama wa beseni.

“Shikamoo, mama. Najua ni chako, ila nauliza ni kitu gani.”

“Marahaba. Nimekwambia changu!”

“Sawa, chako. Lakini ni nini?”

Waliendelea hivyo mpaka mama alipochoka, akamwinua samaki mmoja kwa mkia na kumwonyesha dada, mbele ya mchungaji. Alikuwa changu kweli, tena mnene.

Ibada ilikwenda vizuri. Tulipotoka nje tulimkuta paka wa kwanza amelala juu ya boneti na wengine wawili chini ya injini, na ilibidi bwana harusi mwenyewe awafukuze kabla ya picha. Mama alibaki, kwa kuwa gunia lilikuwa bado la moto. Ukumbini alikaa na mashangazi, na kwenye picha ya ukoo wetu yupo mstari wa pili, karibu yangu, akicheka.

Sasa binti wa pili wa dada amechumbiwa. Mama yule amekwisha kupelekewa kadi na ameahidi kitoweo. Katika daftari la michango, mbele ya jina langu, dada ameandika kwa wino mwekundu: “Fedha taslimu tu.”