Midomo ya Kwaresima Siku ya Mahafali

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kipimo chake cha matamshi, nacho kilikuwa kipande cha karatasi. Alikishika kwa ncha za vidole viwili mbele ya mdomo wa mwanafunzi na kumwamuru atamke neno lenye herufi F. Karatasi ikipepea, mwanafunzi huyo alihesabiwa kuwa amesoma. Isipopepea, alirudia mpaka ipepee. Kwa wiki mbili za mwisho za Septemba 2009 karatasi hiyo ilipepea mbele ya mdomo wangu kila jioni, kwa kuwa mimi, mtoto wa kidato cha tatu, nilikuwa nimeteuliwa kusoma somo katika Misa ya mahafali ya kaka zetu wa kidato cha nne, Misa ambayo Baba Askofu mwenyewe angekuja kuiadhimisha. Somo lilitoka katika Waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilipi, sura ya nne, pale panapoanza na neno "Furahini", na ambapo Mtume, kana kwamba alijua yatakayonifika, analirudia neno hilohilo mwishoni mwa aya.

Shule yenyewe sitaitaja, maana baadhi ya walimu wangali hai na kumbukumbu zao ni kali kuliko zangu. Itoshe kusema kwamba ilikuwa shule ya bweni ya wavulana, ya Kanisa Katoliki, katika bonde la Mto Lukuledi, mahali ambapo ukiinua macho unauona mteremko wa Uwanda wa Makonde umesimama kama ukuta. Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri. Mkuu wa shule, padre mrefu mwenye hatua zisizosikika, alizunguka mabwenini usiku akiwa na tochi ambayo hakuiwasha kamwe, hata tukaanza kuamini kwamba aliibeba kwa ajili ya kutugonga nayo tu. Chakula kilikuwa ugali kwa maharage, na siku za neema ugali kwa mbaazi. Hayo ya chakula nayataja kwa sababu ndiyo chanzo cha yote.

Msimu wa korosho ulikuwa umeanza. Rafiki yangu wa jirani kitanda, kijana wa Newala, alikuwa amerudi kutoka kwao na mfuko wa korosho ghafi aliouficha chini ya godoro, naye alikuwa akiziuza kwa kikombe cha chai, kikombe kimoja kwa vijiko vitano vya sukari. Tulimwambia kwamba hiyo ni kangomba, ile biashara ya kununua korosho za wakulima kwa vipimo vya kienyeji ambayo serikali inaikataza, naye akajibu kwamba serikali haijawahi kufika bweni letu. Alhamisi, siku mbili kabla ya mahafali, alikubali kunikaangia kikombe kizima bila malipo, ili sauti ya msomaji ipate nguvu.

Tulichagua nyuma ya banda la nguruwe, kwa hesabu kwamba harufu moja ingeifunika nyingine. Anayejua kukaanga korosho atakuwa ameshatikisa kichwa, kwa sababu harufu ya korosho ikiwa motoni haifunikwi na nguruwe wala na kitu kingine chochote. Ganda la korosho lina mafuta meusi ndani yake, na bati lenye matundu likishika moto, mafuta hayo hutoka yakifoka, yakawaka na kutoa moshi mzito unaowasha macho. Ufundi wote ni kuwa na subira mpaka yaishe kuungua, ndipo uzimwage korosho mchangani, zipoe, na kuzibangua kwa jiwe huku vidole vimepakwa majivu. Sisi subira hatukuwa nayo. Moshi ulipopanda juu ya paa la banda, tulizimwaga zikiwa nusu mbichi.

Jiwe nalo tuliliogopa kwa sababu ya kelele. Rafiki yangu, ambaye bibi yake alibangua korosho maisha yake yote, aliniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, tusubiri kesho. Na usiume, hiyo ni sumu." Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Lindi mjini. Pweza nilimjua kuanzia kumpiga mwambani mpaka kumtia nazi, ila ujuzi wangu wa korosho ulianzia pale zinapouzwa zikiwa zimefungwa kwenye karatasi. Niliuma. Niliuma kama kumi na tano hivi, ganda kwa meno, nikitema vipande na kuramba midomo kwa utamu, na mkuu wa shule alipotokea pembeni mwa banda, tochi mkononi, nilikuwa nimekwisha kumeza ushahidi wote.

Hakutupiga. Alitusimamisha mbele ya majivu akatufundisha historia, akatukumbusha kwamba misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji, kisha akauliza kwa upole kama tulikuwa tumepania kuongeza ya tatu. Tulipewa banda la nguruwe kulisafisha kwa mwezi mzima. Nilirudi bwenini nikidhani kwamba adhabu yangu imekwisha kutolewa.

Ijumaa asubuhi midomo iliwasha. Ijumaa jioni ilivimba, na karatasi ya mwalimu nikaikwepa kwa kisingizio cha kuungama. Jumamosi alfajiri rafiki yangu aliniangalia, akakaa kimya kidogo, akasema, "Umeota maandazi." Sikucheka, maana hata kucheka kulihitaji midomo. Wa juu ulikuwa umeifikia pua na wa chini ulining'inia, na yote miwili ilikuwa na malengelenge madogo yanayong'aa kama mayai ya samaki.

Sista wa zahanati alikuwa mwanamke wa huruma nyingi na dawa chache. Alinipa vidonge viwili, akafungua chupa ya GV, ile dawa ya zambarau ambayo kila aliyesoma bweni anaijua, akachovya pamba, na kabla sijapata njia ya kumweleza kwamba baada ya saa mbili nitakuwa mimbarini, alikuwa amekwisha kunipaka kutoka shavu hadi shavu kwa mkono wa mtu anayepaka rangi ukuta. Kujiosha kuliisambaza tu hadi kidevuni.

Mkuu wa shule alinikuta mlangoni mwa sakristia. Ndani, mavazi yote yalikuwa meupe kwa ajili ya sherehe, wala hapakuwa na la zambarau, rangi ya Kwaresima. Alinitazama kwa muda, akatazama mavazi, akanitazama tena, kisha akasema, "Kijana, Kwaresima ilikwisha Aprili." Mtu mwingine wa kusoma hakuwepo, aliyekuwa wa akiba ni rafiki yangu wa Newala, naye, aliposikia jina lake linatafutwa, alikuwa tayari ameshika fagio bandani.

Nilipanda mimbarini. Kanisa lilijaa wazazi waliokuja kutoka Masasi, Nachingwea na Tandahimba, akina mama wakiwa na kanga za doti moja. Nilifungua mdomo nikatangaza, kwa sauti ileile iliyonipatia nafasi hiyo, "Soho katika Waraka wa Ntune Haulo kwa Wahilihi." Kimya. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekaa benchi la mbele, aliinamisha kichwa taratibu mpaka paji la uso likagusa kitabu cha nyimbo. Nikaendelea, kwa kuwa sikuwa na mahali pa kurudi: "Hurahini!" Kwenye benchi la kidato cha nne mabega yalianza kutikisika. Nilipofika mwisho wa aya na kuwaamuru tena wahurahi, walikuwa wamekwisha kutii. Hata kwaya, ambayo kwa kawaida haikucheka isipokuwa mpiga kinanda amekosea, ilijificha nyuma ya madaftari. Baba Askofu alikuwa akifuta macho kwa leso, na mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba somo limemgusa. Nilipomaliza, "Tumshukuru Mungu" ilitoka kwa nguvu ambayo sijaisikia tena katika kanisa lolote.

Mwalimu wa Kemia alinieleza baadaye, huku akichelewa makusudi kufika kwenye jambo lenyewe, kwamba mafuta ya ganda la korosho hutumika viwandani kutengenezea breki za magari, na kwamba aliyasema hayo darasani siku ileile ya Alhamisi, saa nne, wakati mimi nikiwa nimelala. Kabla ya jua kuzama shule nzima ilikuwa ikiniita Breki. Naitwa hivyo mpaka leo, na mke wangu aliyeniuliza sababu hajaniheshimu sawasawa tangu nilipomweleza.

Mchana wasomaji na watumikiaji tulialikwa meza kuu. Palikuwa na pilau, kuku, na sahani ya korosho za kukaanga, nyeupe, nzima, zilizobanguliwa na mikono ya watu wanaojua kazi. Baba Askofu alinitazama midomo, akaivuta sahani ile polepole mpaka mbele yangu, akasema, "Hizi ni salama, mwanangu. Karibu." Nilitikisa kichwa tu, kwa sababu "Hapana, Baba Askofu" ina P, ina B mbili, na ina F.