Sukari Ikishuka Haingoji Magharibi

Alasiri moja ya Ramadhani, hapa Langoni mjini Lamu, nilimkuta ami yangu amekaa barazani, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, vidole vikitetemeka juu ya tasbihi, na nilipomsalimu akaniita kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufariki. Waliokuwapo walisema saumu imemshika. Nilipoagiza maji ya sukari, mkewe alinishika mkono: "Mwanangu, wataka kumuua? Ami yako ana sukari!"

Kauli hiyo ndiyo niipingayo. Tumeiogopa mno sukari inayopanda, ambayo huharibu macho na figo kwa miaka, hata tukaisahau ile inayoshuka, ambayo humwangusha mtu kabla jua halijatua. Ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita ya damu, mwili hulalama kwa jasho, njaa na moyo kwenda mbio. Ikipita chini ya 3.0, ubongo hukosa chakula chake, akili ikavurugika, na baadaye huweza kufuata degedege, kuzimia, na hata mauti. Ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara huenda asizihisi tena dalili za mwanzo, na hapo hatari huwa kubwa zaidi.

Ami alikuwa amemeza glibenklamidi wakati wa daku, kipimo kilekile cha siku zote, juu ya nusu ya mkate wa mofa. Dawa hiyo huilazimisha kongosho kutoa insulini, homoni ishushayo sukari, hata tumbo likiwa tupu, tena kwa saa nyingi. Kwa hiyo, ingawa vijiko vitatu vya sukari vilimrudisha katika robo saa, ilibidi ale na tuendelee kumpima hadi usiku. Lau angezimia, tusingethubutu kumtilia kitu kinywani kisije kikaingia mapafuni, bali angehitaji sindano hospitalini, na mgonjwa wa Faza au Kizingitini hutafutiwa boti kwanza.

Naona mazungumzo na daktari kuhusu dawa yafanywe Shaabani, mwezi utanguliao Ramadhani, si baada ya mtu kuanguka. Qurani imemruhusu mgonjwa kula, na wanazuoni wengi hawaoni kuwa kutoboa kidole kwa ajili ya kupima kunafunguza saumu. Wanaojikaza kwa kuogopa maneno ya majirani siwaelewi.

Mwaka uliofuata ami alibadilishiwa dawa. Kopo la glukosi mkewe huliweka juu ya kabati, wajukuu wasilirambe.