Bologna wamekausha mpaka nyanya, sie Muheza tunazika na dawa zetu

Watu wananiuliza nini kinaniuma huku Italia, wanadhani nitasema baridi. Mie kinachoniuma ni mzee mmoja wa hapahapa Bologna, Ulisse Aldrovandi, kazaliwa 1522 kafa 1605, maisha yake yote anakusanya vitu tu, mimea, ndege, samaki, wadudu, mawe, hata lile joka la miguu miwili lililokutwa nje ya mji 1572, siku ileile Papa Gregory XIII (ndugu yake Aldrovandi upande wa mama) anachaguliwa, watu wanasema nuksi hiyo, yeye kalichora na kuliandikia kitabu.

Mimea alikuwa anaikausha na kuibandika kwenye karatasi, vitabu 15, na sasa vimepigwa picha vimewekwa intaneti. Humo mna nyanya jamani, nyanya ya karne ya 16, imebadilika rangi kama tumbaku, enzi hizo bado ni kitu kigeni kutoka Amerika, na leo Mtaliano bila sosi ya nyanya hali!

Kuna wanaosema wazungu wana akili. Akili gani, jamaa alikuwa anauliza tu. 1549 kakamatwa kwa tuhuma za uzushi wa dini, kapelekwa Roma, na hukohuko akawa anazunguka soko la samaki na daktari Mfaransa, Rondelet, wanakagua samaki mmojammoja.

Sasa njoo kwetu Muheza, Tanga. Mtoto wa darasa la tatu anakuonyesha mwarobaini na mlonge bila kufikiri, wakati wenzangu kazini huku hawajui jina la mti ulio mbele ya dirisha lao, hapo tunawapiga bao. Ila bibi yangu alikuwa anajua majani ya homa, ya tumbo, ya mtoto asiyelala, kaondoka nayo yote, hakuna aliyeshika kalamu, na mie nikiwemo. Na pale Amani juu mlimani kwetu kuna bustani ya mimea tangu Wajerumani 1902!

Aldrovandi aliuachia mji kila kitu kwa wosia, nenda makumbusho ya Palazzo Poggi hapa Bologna ukaone mpaka vibao vilivyochongwa vya kuchapia picha zake. Mganga wetu hawezi kuachia hivyo, anajua akisema leo kesho dawa yake inauzwa dukani na jina la mwingine, na hofu hiyo naielewa kabisa. Lakini mjukuu wake je, naye anafichwa ili iweje?